Asilimia isiyosema "ya nini" isichapishwe

Ndugu Mhariri,

Ombi letu ni moja, na linaelekezwa kwa dawati la matangazo la gazeti lako: tangazo lolote lenye asilimia lisipokewe mpaka aliyelileta ameandika, ndani ya tangazo lenyewe, asilimia hiyo ni ya nini. Sisi ni walimu wa takwimu. Tukizipiga hesabu asilimia za matangazo, nyingi hutoka sahihi kabisa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Msomaji hawezi kuzikamata kama uongo, kwa hiyo huziamini, kisha huzielewa vibaya kwa sababu nusu ya hesabu imebaki mezani kwa mwenye tangazo.

Kiswahili chenyewe kimetupa kipimo. Asilimia hudai "ya": asilimia 30 ya wateja, asilimia 30 ya bei ya jana, asilimia 30 ya uzito. Tangazo la betri likisema "hudumu asilimia 40 zaidi" na sentensi ikakomea hapo, uliza: zaidi ya nini? Ya bidhaa ya mshindani? Ya toleo la zamani la bidhaa hiyohiyo? Betri ya namna hiyo inaweza kuwa imelinganishwa na betri dhaifu kuliko zote sokoni, na hakuna neno hata moja la tangazo litakalokuwa la uongo.

Tuanze na dawa, maana huko kosa hili hugusa mwili wa mtu. Chukua ugonjwa unaowapata watu 2 kati ya 1,000 kwa mwaka. Inakuja dawa, na kati ya watu 1,000 wanaoitumia anaugua 1. Matokeo hayo unaweza kuyaandika kwa namna tatu. Unaweza kusema dawa inapunguza hatari kwa asilimia 50, kwa kuwa 1 ni nusu ya 2. Unaweza kusema hatari imeshuka kutoka asilimia 0.2 hadi asilimia 0.1. Au unaweza kusema kwamba watu 1,000 wakiitumia mwaka mzima, mmoja ataepushwa na ugonjwa, mmoja ataugua ingawa anaitumia, na 998 wasingeugua hata bila dawa. Zote tatu ni kweli. Ya kwanza ni upungufu linganishi, ya pili ni upungufu halisi, na ya tatu ndiyo ambayo mtu asiyesomea takwimu huielewa mara moja. Tangazo karibu kila mara huchagua ya kwanza.

Mfano unaojulikana ni wa Lipitor, dawa ya kushusha kolesteroli, iliyotangazwa Marekani kwa maneno kwamba hupunguza hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 36. Maandishi madogo ya tangazo yalieleza hesabu yenyewe: katika utafiti mkubwa, asilimia 3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walipata mshtuko wa moyo, na asilimia 2 ya waliopewa Lipitor. (Bila kuondoa desimali, ni 3.0 na 1.9, ndiyo maana inatoka 36 badala ya theluthi kamili.) Maana yake, watu wapatao 100 wenye shinikizo la damu na vihatarishi vingine wanatumia dawa kwa miaka mitatu na kidogo ili mmoja aepuke mshtuko. Kuepuka mshtuko wa moyo ni jambo kubwa, na kwa mgonjwa ambaye hatari yake ya awali ni kubwa zaidi faida nayo huwa kubwa zaidi. Hatumshauri mtu yeyote aache dawa aliyoandikiwa. Tunachosema ni kwamba 36 iliandikwa kwa herufi kubwa, 3 na 2 kwa herufi ndogo, wakati anayeamua alihitaji zaidi 3 na 2.

Hali huwa mbaya zaidi tangazo linapobadilisha mizani katikati. Faida inaandikwa kwa namna linganishi: "hupunguza hatari kwa asilimia 50." Madhara yanaandikwa kwa namna halisi: "madhara huwapata asilimia 0.5 tu ya watumiaji." Msomaji anaona 50 upande mmoja na nusu upande wa pili, anadhani faida ni mara mia ya madhara. Rudisha zote kwenye watu 1,000 wa mfano wetu. Faida ni mtu 1. Madhara ni watu 5. Huenda madhara hayo ni kuwashwa ngozi na ugonjwa unaozuiwa ni wa kuua, na bado dawa ikafaa. Lakini mtu apimiwe kwa mizani moja.

Mtindo huohuo hutumika kutisha. Mwaka 1995 nchini Uingereza ilitolewa tahadhari rasmi kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa maradufu, yaani kwa asilimia 100. Hesabu halisi ilikuwa kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Wanawake wengi waliviacha vidonge, na katika mwaka uliofuata inakadiriwa utoaji mimba uliongezeka kwa takriban 13,000 katika England na Wales. Mimba yenyewe huleta hatari ya damu kuganda kubwa kuliko vidonge vilivyoogopwa. Lile halikuwa tangazo la biashara, lakini anayetaka kuuza kitu kwa hofu hutumia njia hiyohiyo: anataja maradufu, anaficha moja kati ya elfu saba.

Haki itendeke pia kwa asilimia linganishi, kwa sababu kuna mahali ndiyo inayofaa. Chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer na BioNTech ilitangazwa kuwa na ufanisi wa asilimia 95. Wengi walielewa kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa, 5 wataugua. Siyo. Katika jaribio, makundi mawili yalikuwa karibu sawa, kila moja likiwa na watu wapatao 18,000. Wasiochanjwa waliougua walikuwa 162, waliochanjwa 8. Hiyo 95 inalinganisha 8 na 162. Kwa ugonjwa wa kuambukiza ni kipimo kizuri, kwa kuwa hatari ya awali hupanda na kushuka kila msimu na kila mahali, ilhali uwiano hubadilika polepole zaidi. Kwa hiyo hatuombi asilimia linganishi zipigwe marufuku. Tunaomba 8 na 162 ziandikwe kando yake.

Sasa sabuni na dawa za kusafishia. "Huua asilimia 99.9 ya vijidudu" huenda ndilo dai la asilimia lililozoeleka kuliko yote, na mtu husoma "99.9" kama "vyote". Katika fani hii kinachohesabiwa ni waliosalia. Ukianza na bakteria 1,000,000, asilimia 99.9 ikifa, wanabaki 1,000. Ikifa asilimia 99.99 wanabaki 100. Ikifa 99.999 wanabaki 10. Kwa macho, tarakimu hizo tatu ni kitu kimoja; kwa waliosalia, kila 9 inayoongezwa inagawa kwa kumi. Kiwango cha Ulaya EN 1276, kinachotumika kupima dawa za kuua bakteria kwenye sehemu za chakula, viwandani na majumbani, hudai upungufu wa 99.999. Bidhaa inayojivunia 99.9 peke yake inaacha bakteria mara mia zaidi ya kiwango hicho. Na baadhi ya bakteria, wakipata joto na chakula cha kutosha, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi: wale 1,000 wakigawanyika mara kumi wanapita tena milioni moja, na hiyo ni saa 3 na dakika 20.

Halafu kuna hali ya jaribio. Dai la 99.9 hutoka maabara, kwa aina chache za vijidudu zilizotajwa kwa jina, kwa dawa iliyochanganywa kwa kipimo maalumu, na kwa muda maalumu wa kugusana ambao mara nyingi ni dakika kadhaa. Sehemu inayosafishwa inatakiwa ibaki imelowa muda wote huo. Mtumiaji hupuliza na kufuta papo hapo, kwa hiyo asilimia aliyoisoma si asilimia aliyoipata. Uchafu nao hula dawa: klorini humalizwa na masalia ya chakula au damu kabla haijafika kwa bakteria, ndiyo sababu huoshwa kwanza kwa sabuni kisha ndipo dawa iwekwe. Tena "vijidudu" ni neno pana mno. Kitakasa mikono cha alkoholi hakiui mbegu za Clostridioides difficile, bakteria wa kuharisha, na virusi vya noro, vya kutapika na kuharisha, hustahimili alkoholi kuliko virusi vingi vingine. Katika hali zote mbili maji tiririka na sabuni ndiyo kinga bora. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliondoa viambato 19, triklosani ikiwamo, kwenye sabuni za kunawia zilizokuwa zikiuzwa majumbani kwa jina la kuua bakteria, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji, wala kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku kwa miaka mingi. Tangazo la aina hii likitaka kuwa la kweli litaje aina za vijidudu, muda kwa dakika, na kama sehemu ilisafishwa kwanza.

Kwenye vyakula, kinachofichwa ni uzito. "Asilimia 95 bila mafuta" maana yake ni gramu 5 za mafuta katika gramu 100, maji yakiwa yamehesabiwa ndani. Lakini gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, sukari au protini 4, na maji hayatoi kitu. Chakula chenye kilokalori 90 kwa gramu 100 kinapata 45 kutokana na gramu hizo 5. Nusu ya nguvu yake inatoka kwenye mafuta.

Kwenye bei hatutakaa sana, ila mambo manne dawati lenu liyashike. Punguzo la asilimia 50 likifuatwa na "ziada ya asilimia 20" halifiki 70. Ile 20 inakatwa kwenye nusu iliyobaki, jumla ni 60. Bei iliyopandishwa kwa asilimia 30 kisha ikapunguzwa kwa asilimia 30 inaishia 91 kwa iliyokuwa 100, kwa hiyo punguzo la kweli ni 9. "Asilimia 50 zaidi kwa bei ileile" ni sawa na punguzo la theluthi moja, wala si nusu. Na "hadi asilimia 70" inatimizwa na bidhaa moja tu katika duka zima. Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, unataka bei ya zamani inayotajwa kwenye punguzo iwe ile ya chini kabisa iliyotumika katika siku 30 zilizotangulia, na hilo limeziba mwanya wa kupandisha ili kushusha. Neno "hadi" nalo linaweza kufungwa. Nchini Uingereza kasi za intaneti zilitangazwa kwa "hadi" hata kama zinapatikana kwa asilimia 10 tu ya wateja. Tangu Mei 2018 kasi inayotangazwa lazima ipatikane kwa angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano.

Mikopo inahitaji nafasi zaidi, maana hapa anayedanganyika ni yule asiye na akiba. Tangazo linasema "riba asilimia 1 tu kwa mwezi." Chukua mkopo wa 1,200 katika sarafu yoyote, wa miezi 12. Kama riba inahesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, ni 12 kila mwezi, jumla 144, na rejesho ni 112 kwa mwezi. Mkopaji anasoma asilimia 12 kwa mwaka. Lakini hakukaa na 1,200 mwaka mzima. Mwezi wa kwanza anadaiwa mtaji wa 1,200, wa pili 1,100, na wa mwisho 100. Wastani ni 650. Gawa 144 kwa 650 upate karibu 22 kwa mia. Ukikokotoa kwa usahihi kwa salio linalopungua, ni takriban asilimia 21.5 kwa mwaka. Mkopeshaji akikata pia ada ya asilimia 3 siku ya kwanza, mkopaji anaondoka na 1,164 huku akilipa zile 112 kila mwezi, na riba ya kweli inavuka asilimia 27. Kwa hesabu ya haraka, mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi kwa riba ya mkopo wa mwanzo, zidisha asilimia ya tangazo ya mwaka mzima kwa 1.8, utakuwa karibu. Mikopo ya muda mfupi ni hatari zaidi kwa sababu asilimia inaonekana ndogo: asilimia 9 kwa siku 30 ni zaidi ya asilimia 109 kwa mwaka. Kila tangazo la mkopo litaje riba ya mwaka kwa salio linalopungua, ada zote zikiwa ndani, na jumla itakayorudishwa kwa mkopo wa mfano.

Hapohapo kuna mkanganyiko wa asilimia na pointi za asilimia, ambao hata kurasa zenu za habari huangukia. Riba ikitoka 10 hadi 12, imepanda kwa pointi 2 za asilimia. Gharama ya riba imepanda kwa asilimia 20. Mkopeshaji atasema "tumeongeza asilimia 2 tu", mshindani wake atasema "wamepandisha asilimia 20." Andikeni "kutoka 10 hadi 12" na ubishi unaisha.

Limebaki lile kundi la "watumiaji 8 kati ya 10". Uliza walikuwa wangapi, walichaguliwaje, na waliulizwa nini. Watu 32 kati ya 40 ni asilimia 80, lakini sampuli ya 40, hata ikichaguliwa kwa bahati nasibu, inaruhusu ukweli kuwa popote kati ya asilimia 65 na 90 hivi. Mara nyingi haikuchaguliwa hivyo: waliojibu ni wanunuzi walioipenda bidhaa tayari, au waliopewa ya bure. Swali lenyewe linaweza kupika jibu. Januari 2007 chombo cha kusimamia matangazo Uingereza, ASA, kilizuia dai la Colgate kwamba zaidi ya asilimia 80 ya madaktari wa meno huipendekeza. Madaktari waliohojiwa waliruhusiwa kutaja chapa zaidi ya moja, na chapa ya mshindani ilitajwa karibu sawa na hiyo. Msomaji wa bango alielewa kwamba wanne kati ya watano waliichagua Colgate wakaacha nyingine. Mtego huo ni rahisi kuunasa: omba dodoso lenyewe na jumla ya asilimia za chapa zote. Ikipita 100, kila mtu aliruhusiwa kutaja zaidi ya moja.

Ndugu Mhariri, tunachoomba si kigeni kwa biashara ya matangazo. Kanuni za matangazo za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, zinakataza takwimu kuwasilishwa kwa namna inayokuza uzito wa dai. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kabla ya kuchapa. Fomu ya kupokea tangazo iongezewe mistari michache: asilimia hii ni ya nini, tarakimu mbili zilizolinganishwa ni zipi, zilihesabiwa kwa watu, vitu au siku ngapi, na nani aliyehesabu. Majibu yachapwe ndani ya tangazo kwa herufi zisizopungua nusu ya ukubwa wa asilimia yenyewe. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" isikubaliwe kuwa jibu.

Tunajua jibu litakalokuja: nafasi haitoshi, kila sentimita inalipiwa. Pimeni wenyewe. "Hupunguza hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 36" ni maneno tisa, tarakimu ikihesabiwa. "Mshtuko wa moyo: bila dawa 3 kati ya 100, kwa dawa 2" ni kumi na mawili.

Wako,
Walimu wa takwimu, wasomaji wa gazeti lako